Sulemani hakuandika Mithali yote peke yake

Wengi wetu tumekua tukiamini Sulemani alikaa chini akaandika Mithali yote, sura ya 1 mpaka ya 31. Jamani, kitabu chenyewe kinakataa. Fungua 25:1 usome taratibu, inasema hizo ni mithali za Sulemani walizozinakili watu wa Hezekia mfalme wa Yuda, na huyo Hezekia alitawala zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani kufa, yaani kuna watu wa mfalme walichukua vya zamani wakaviunganisha. Sura ya 30 ni ya Aguri, ya 31 ni mafundisho ya mama yake Lemueli, ambaye hata jina hatujaachiwa na kwa kweli inauma. Halafu linganisha 14:12 na 16:25, mstari uleule umerudi, ndo kawaida ya mikusanyo ikiungwa.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni kuanzia 22:17, "maneno ya wenye hekima". Mwaka 1923 yalichapishwa mafundisho ya Mmisri wa kale aitwaye Amenemope, yaliyoandikwa kwenye mafunjo yaliyoko British Museum, na mwaka uliofuata Adolf Erman, mtaalamu Mjerumani wa Misri ya kale, akaonyesha yanavyofanana na hapo: usimwonee maskini, usisogeze alama ya mpaka, usizoeane na mtu wa hasira. Hadi mali kuota mabawa ipo, tofauti Mmisri anasema zinaruka kama bata bukini, Mithali inasema tai. Wasomi wengi wanaona mkusanyaji wa Kiebrania aliyajua yale mafundisho, akachagua, akafupisha, na 22:19 akaweka sababu yake mwenyewe: tumaini lako liwe kwa BWANA.