Kuuwahi mwanga wa mlipuko wa miale ya gama

Mlipuko wa miale ya gama, yaani mwako mkali wa ghafla kutoka galaksi ya mbali, wenyewe unaweza kwisha ndani ya sekunde chache. Darubini za mwanga wa kawaida hufuatilia mng'ao unaobaki nyuma yake, na mng'ao huo nao haukawii kufifia. Mara nyingi, muda tangu mlipuko ukiongezeka mara 10, mwanga hushuka kwa takriban magnitudi 2.5 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao: namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi). Ulioonekana kwa magnitudi 15 dakika 1 baada ya mlipuko utakuwa 17.5 dakika ya 10, 20 dakika ya 100, na 22.5 baada ya saa 17 hivi. Hapo darubini yenye kioo cha nusu mita haina lake tena.

Ndiyo maana darubini ndogo iliyo tayari huipita kubwa iliyochelewa. Mnamo 23 Januari 1999, mtambo wa ROTSE-I, ambao ulikuwa lenzi nne tu za kamera zilizofungwa pamoja, ulianza kupiga picha za GRB 990123 (mlipuko uliopewa jina kwa tarehe hiyo) sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza. Mwanga ukapanda hadi karibu magnitudi 9.

Taarifa za milipuko husambazwa na mtandao wa GCN. Acha kompyuta izipokee na kuigeuza darubini yenyewe. Mtu akisubiriwa aamke, dakika muhimu zimekwisha. Kwanza programu ikague mambo matatu: je, eneo liko juu ya upeo wa macho kwa angalau nyuzi 20, mwezi uko mbali kiasi gani, na duara la makosa, yaani eneo ambamo mlipuko unaweza kuwa, linatosha ndani ya picha moja? Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, hutoa kwanza eneo la dakika chache za pembe (dakika ya pembe ni 1/60 ya nyuzi, na sekunde ya pembe ni 1/60 ya dakika hiyo), kisha darubini yake ya eksirei hulipunguza hadi sekunde chache za pembe. Kifaa cha GBM kwenye setilaiti ya Fermi hutoa eneo la nyuzi kadhaa, kwa hiyo bila kamera yenye uwanja mpana utalazimika kulipiga vipande vipande.

Picha za mwanzo ziwe fupi, sekunde 10 hivi, kwa sababu mwanga unaweza kubadilika haraka au kujaza pikseli kupita kiasi. Baadaye nenda sekunde 60, kisha 180 au 300, ukizijumlisha. Sogeza darubini kidogo kati ya picha na picha ili pikseli mbovu isiangukie mahali pale pale angani. Hapa ndipo wengi hudanganyika: chembe ya mionzi ya anga ikigonga kamera huacha doa kali la pikseli moja au mbili, katika picha moja tu. Nyota ya kweli husambaa kwenye pikseli kadhaa, kwa umbo lile lile la nyota jirani, na hujirudia. Kitu kinachohama kati ya picha ni asteroidi. Kisichohama kilinganishwe na picha za zamani zenye kina cha kutosha, yaani zinazoonyesha hata nyota hafifu. Picha isiyo na kina huifanya nyota hafifu ya siku zote ionekane mpya.

Ukikosa kitu kwenye filta ya r (ya mwanga mwekundu), usifunge kazi. Huenda vumbi limeuziba mwanga, au mlipuko uko mbali mno. Hidrojeni iliyo njiani hufyonza mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6 kwa kipimo cha chanzo. Kwa msogeo mwekundu (kurefuka kwa mawimbi ya mwanga kwa sababu ulimwengu unapanuka) wa 5, mpaka huo huzidishwa mara 6 na kufika karibu nanomita 730, hivyo r hubaki karibu tupu huku filta ya z, iliyo karibu na infraredi, ikiwa na mwanga. GRB 090423, yenye msogeo wa takriban 8.2, ilihitaji kamera za infraredi.

Saa ya kompyuta ilinganishwe na UTC, saa rasmi ya dunia, kila mara. Kosa la sekunde 5 halisumbui siku ya pili, lakini katika dakika ya kwanza huupinda mchoro mzima wa kufifia. Andika kama muda uliorekodiwa ni wa mwanzo wa picha au wa katikati. Jambo hili dogo limeharibu ulinganisho mwingi.

Hata usipoona chochote, ripoti kikomo: muda tangu mlipuko, urefu wa picha, filta, katalogi ya nyota za kulinganishia, na magnitudi ya nyota hafifu kabisa uliyoweza kuipima. “Hakuna kitu” bila magnitudi hakimsaidii mwenye darubini kubwa anayeamua kama apige tena kwa r au aende moja kwa moja kwenye infraredi.