Kaimati zako zinakunywa mafuta? Tazama moto

"Dokta, kaimati zangu zinakunywa mafuta. Nipunguze yale ya kwenye karai?" Mama mmoja aliniuliza hivyo kliniki ya lishe, hapa Dodoma. Nikamwambia aongeze. Alinitazama kama ninamtania.

Rojo la kaimati lina maji mengi. Likigusa mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Yale mapovu unayoyaona ndiyo mvuke wenyewe, na maadamu unatoka, mafuta hayapati njia ya kuingia. Mafuta yakiwa kiduchu, au ukijaza karai kaimati ishirini kwa mpigo, joto huporomoka na mvuke hulegea. Basi jaza karai hadi nusu, usizidishe, na ukaange chache chache.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta mengi huingia baada ya kuepua. Kaimati ikianza kupoa, mvuke wa ndani hunywea na kufyonza mafuta yaliyobaki juu ya ganda. Zikung'ute hapo hapo kwenye kijiko cha matundu, kisha uziweke kwenye chujio. Ukizirundika kwenye sahani, za chini zinaogelea.

Huna kipimajoto? Dondosha tone la rojo. Likizama na kutulia, subiri. Likizama kisha likaibuka baada ya sekunde chache huku likitoa mapovu, anza kazi. Likielea papo hapo na kuiva rangi, moto umezidi. Kwa jiko la mkaa, funga mlango wa jiko. Usihamishe karai lenye mafuta ya moto.

Rojo langu ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, iliki, na kikombe kimoja na robo cha maji ya uvuguvugu. Juni na Julai, baridi ya Dodoma huchelewesha hamira. Mimi huweka bakuli karibu na jiko na kuacha kutazama saa. Sukari nyingi ibaki kwenye shira. Ukiimwaga kwenye rojo, ganda litaungua huku ndani kukiwa kubichi. Ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukiikaanga, ina tabia hiyo hiyo.

Epua zikiwa na rangi ya dhahabu. Vyakula vya wanga vikikaangwa hadi vikawa kahawia iliyokolea huongeza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, ambayo wanasayansi wa Sweden waliitangaza kuwamo kwenye vyakula vya namna hiyo mwaka 2002.

Kuhusu mafuta, nitawaudhi baadhi ya majirani. Alizeti ya Dodoma na Singida ni fahari yetu, lakini yale mafuta ya kukamuliwa na kuchujwa tu, yanayouzwa kwa madumu kando ya barabara, hutoa moshi mapema. Yaungie mlenda. Kwa karai, tumia alizeti iliyosafishwa, ambayo huvumilia zaidi ya nyuzi 220. Ukimaliza, yachuje yakishapoa na uyafunike, mbali na mwanga. Yakiwa meusi, mazito, au yakitoa povu lisilokatika, yamekwisha.

Na zabibu? Msimu wake ukifika kuna wanaotaka kuzichovya nzima kwenye rojo. Msifanye hivyo. Ngozi ya zabibu hufungia maji ndani. Yakichemka hupasuka na mafuta hukurukia usoni. Zikate, au tumia zabibu kavu.

Mafuta yakishika moto, zima jiko kama unaweza kulifikia, funika karai kwa mfuniko wa chuma, na usimwagie maji kabisa. Lakini aliyeungua mmwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala asali. Bomba likiwa kavu siku hiyo, chota kwa kata kutoka kwenye ndoo na umwagie taratibu, dakika hizo hizo 20, kisha mpeleke kituo cha afya kama malengelenge ni makubwa au ameungua usoni.