Uwepo: kuwa "po", si "ko"

Kiswahili sanifu hutofautisha "nipo" na "niko": -po ni mahali mahususi, -ko ni huko, popote pale. Kisumu tofauti hiyo husikii sana. Mtu hujibu simu "niko njiani" huku bado anatafuta viatu. Uwepo wa akili ni ile -po. Mwili umo ndani ya matatu ya Kondele na akili ipo papo hapo. Haijatangulia kazini wala haijabaki kwenye ugomvi wa jana.

Zoezi hili la kuiweka akili pale mwili ulipo lina asili katika mafundisho ya Kibudha, ambako uwepo huo huitwa sati. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini Massachusetts, Marekani, likawa mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa, wakiwemo wenye maumivu yasiyoisha.

Wengi hudhani wanatakiwa wasiwaze kitu, wakashindwa, wakaacha. Kuwaza ndiyo kazi ya akili. Zoezi ni kugundua kwamba imetoroka, kisha kuirudisha bila kujikaripia. Ikitoroka mara 20, ukairudisha mara 20, umefanya zoezi mara 20.

Anzia kwenye kazi ya kila siku, tuseme kuosha omena. Simu iache chumba kingine. Sikia ubaridi wa maji, mchanga unavyokwaruza vidole, harufu. Wazo la karo likija, litaje kimoyomoyo, "karo", urudi kwenye vidole. Usianze kupiga hesabu. Dakika 3 zinatosha kuanzia. Ukitumia pumzi, hesabu kila unapoitoa, 1 hadi 10, na ukipotea rudi 1. Usivute hewa kwa nguvu: ukipumua kupita kiasi kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole huja. Ukisinzia, simama. Aliyepitia tukio la kutisha huenda kumbukumbu zikamjia akifumba macho; huyo ayaache wazi, asikilize nyayo zake sakafuni, na akizidiwa aache, amwone mshauri nasaha.

Uwazi, yaani kumsikiliza mtu bila kutangulia na jibu, ni uwepo huohuo mbele yake. Mama mboga wa Kibuye anakueleza kwa nini nyanya zimepanda, nawe jibu umeshalipanga kabla hajamaliza. Tazama kifua kinavyokaza ukitaka kumkatiza. Mwache amalize, vuta pumzi moja, ndipo useme. Bei bado unaweza kuikataa.