Brown, 17 Mei 1954: hukumu iliyotoka bila amri

Hukumu ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka ilisomwa tarehe 17 Mei 1954, na siku hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani haikuamuru shule hata moja impokee mtoto hata mmoja. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma kunavunja Katiba. Suala la nini kifanyike wakaliahirisha mpaka wasikilize hoja nyingine. Jambo hili hupotea karibu kila mara kumbukumbu inapofanyika. Wasemaji huieleza siku ile kana kwamba milango ilifunguliwa jioni yake. Msikilizaji akiuliza kwa nini miaka 10 baadaye karibu watoto wote Weusi wa Kusini walikuwa bado kwenye shule zilezile, huambiwa wazungu wa kule walikuwa wakaidi. Walikuwa wakaidi kweli. Lakini ukaidi wao ulipata upenyo ndani ya maandishi ya mahakama yenyewe, na huo upenyo ndio ninaotaka kuueleza.

Kwanza tujue Brown ni nini. Si kesi moja. Ni mashauri manne ya majimbo yaliyosikilizwa pamoja: la Topeka, Kansas, la kaunti ya Clarendon, South Carolina, la kaunti ya Prince Edward, Virginia, na la Delaware. La tano, Bolling dhidi ya Sharpe, lilitoka Washington na likaamuliwa siku hiyohiyo kwa hukumu yake peke yake. Sababu ni ya kiufundi: Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayoahidi ulinzi sawa wa sheria, huyabana majimbo, na Washington si jimbo. Ikabidi majaji waegemee Marekebisho ya 5, yanayoibana serikali ya shirikisho.

Clarendon ilianza na ombi la basi. Watoto wazungu walikuwa na mabasi ya shule; watoto Weusi, ambao ndio waliokuwa wengi katika kaunti ile, walitembea. Mwaka wa masomo 1949–50 kaunti ilitumia dola 179 kwa kila mtoto mzungu na dola 43 kwa kila mtoto Mweusi. Wazazi walipotoka kwenye basi wakaenda kudai usawa wa shule zote, kisasi hakikuchelewa. Harry Briggs, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye shauri, alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta, na mkewe Eliza akapoteza yake. Mchungaji Joseph DeLaine, aliyewakusanya wazazi, kanisa lake lilichomwa moto mwaka 1955, akalikimbia jimbo. Nawataja kwa sababu Brown ni kazi ya watu waliotia sahihi wakijua mshahara wa mwezi ujao hautakuja.

Kule Prince Edward walioanza ni wanafunzi wenyewe. Tarehe 23 Aprili 1951 Barbara Johns, mwenye umri wa miaka 16, aliongoza mgomo katika shule ya sekondari ya Moton mjini Farmville. Shule ilijengwa kwa wanafunzi 180 na ilikuwa na zaidi ya 450. Ziada walisomea kwenye mabanda yaliyofunikwa karatasi za lami. Waligoma wapate jengo jipya. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, wakawaambia hawatadai jengo. Wanafunzi wakikubali, wao watadai kufutwa kwa utengano wote.

Topeka ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Sheria ya Kansas ilikuwa inaruhusu, bila kulazimisha, miji yenye zaidi ya watu 15,000 kutenganisha shule za msingi. Linda Brown, mtoto ambaye jina la familia yake ndilo lililo kwenye kesi, hakusoma kwenye kibanda. Shule yake, Monroe, ilikuwa jengo zuri la matofali lenye walimu waliosomea kazi yao, na mahakama ya chini ilikuta majengo, mitaala na sifa za walimu vinalingana kwa kiasi kikubwa na vya shule za wazungu. Kisheria hilo ndilo lililokuwa na uzito. Clarendon ingeweza kujitetea kwa kusema “tupeni muda tujenge”, na South Carolina ilishaanzisha kodi ya mauzo kwa ajili hiyo. Topeka njia hiyo haikuwepo. Majengo yakishalingana, kinachobaki mbele ya jaji ni utengano wenyewe. Tena mahakama ileile ya chini iliandika, kama jambo lililothibitishwa kwa ushahidi, kwamba kuwatenga watoto Weusi kunawadhuru. Jaji Mkuu Earl Warren aliyanukuu maneno hayo katika hukumu. Wanaosimulia Brown kwa majaribio ya wanasesere ya wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, yaliyopima jinsi watoto Weusi walivyojiona, pekee huyapa nafasi kubwa kuliko waliyoyapa majaji: yamo kwenye tanbihi namba 11.

Chini ya hayo yote kulikuwa na kazi ya karibu miaka 20. Kesi ya Plessy ya mwaka 1896 ilikuwa imehalalisha utengano mradi pande zote zipewe vitu sawa. Charles Hamilton Houston, mkuu wa shule ya sheria ya Howard, chuo kikuu cha Weusi mjini Washington, pamoja na mwanafunzi wake Thurgood Marshall, hawakuanza kwa kuishambulia Plessy uso kwa uso. Walianzia shule za juu, hasa za sheria, ambako wanafunzi ni wachache na kila jaji anajua shule ya sheria inampa mtu nini. Mwaka 1938 Missouri iliambiwa haiwezi kumlipia mwombaji Mweusi Lloyd Gaines karo asome jimbo lingine ili isimpokee. Mwaka 1950 Texas, iliyokuwa imefungua shule ya sheria ya haraka kwa ajili ya Weusi, iliambiwa sifa ya walimu, uzito wa waliohitimu na hadhi ya chuo ni sehemu ya usawa, nazo hazijengwi kwa zege. Siku ileile Oklahoma ilikatazwa kumkalisha mwanafunzi Mweusi George McLaurin kwenye meza ya peke yake maktabani na mkahawani. Hoja ya vitu visivyopimika ikishakubaliwa kwa mtu mzima chuoni, kuipeleka kwa mtoto wa darasa la tatu ni hatua moja tu.

Sasa tuje kwenye amri.

Hoja zilisikilizwa Desemba 1952, majaji hawakuelewana, wakataka zirudiwe. Septemba 1953 Jaji Mkuu Fred Vinson alifariki, Warren akashika nafasi. Alitaka hukumu fupi, isiyomlaumu mtu, inayoweza kusomwa na yeyote, na itiwe sahihi na wote. Alivipata vyote, na naamini kuahirisha utekelezaji kulikuwa sehemu ya bei aliyolipa.

Hukumu ya utekelezaji, iitwayo Brown ya pili, ilitoka tarehe 31 Mei 1955. Mawakili wa NAACP waliomba tarehe: Septemba 1955, au ikishindikana kabisa Septemba 1956. Hawakupewa. Mahakama ilirudisha mashauri, isipokuwa la Delaware, kwa mahakama za shirikisho za wilaya, ikaziachia bodi za shule jukumu la kwanza la kupanga, ikataka “mwanzo wa haraka na wa busara”, na kwa mengine yote ikasema yaende kwa kasi yote yenye utaratibu. Iliorodhesha hata sababu zinazoweza kukubalika kuomba muda: hali ya majengo, usafiri wa wanafunzi, watumishi, mipaka ya maeneo ya shule, na marekebisho ya sheria za mahali. Kupinga kanuni yenyewe hakukuwa sababu halali. Lakini bodi yenye wakili mzuri haina haja ya kutaja upinzani wake ikiwa imepewa sababu tano za kiutawala za kuandika badala yake. Na kwa kuwa amri huwabana walio kwenye shauri peke yao, kila wilaya ya shule ilihitaji kesi yake, wadai wake na fedha zake za mawakili.

Ucheleweshaji ulikuwa na mitambo, na inafaa kuijua mmojammoja. Uliotumika sana ni sheria za kupangia wanafunzi shule. Jimbo lilifuta neno rangi kwenye sheria, likampa ofisa vigezo virefu kama maandalizi ya kitaaluma, hali ya nyumbani na athari za kisaikolojia, kisha likataka kila mtoto aombe uhamisho peke yake. Unajaza fomu, unasubiri kusikilizwa, unakataliwa, unakata rufaa ngazi kwa ngazi, na mahakama haikusikilizi mpaka ngazi zote ziishe. Kufika huko mtoto keshamaliza shule. Sheria ya Alabama ya aina hii ilipita mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1958 kwa kuwa maneno yake hayakuwa na kosa. Nashville ilichagua darasa moja kwa mwaka, kuanzia la kwanza mwaka 1957, maana yake aliyekuwa darasa la pili wakati huo asingefikiwa kamwe. Prince Edward ilifanya kubwa zaidi: mwaka 1959 ilifunga shule zake zote za umma, wazungu wakaenda shule binafsi zilizosaidiwa kwa ruzuku za karo, na watoto Weusi wengi wakakaa miaka minne bila shule; za umma zilifunguliwa tena mahakama ilipoingilia mwaka 1964.

Wa hila zaidi ulikuwa “uhuru wa kuchagua”. Ulisimama juu ya maneno ya Jaji John Parker wa mahakama ya shirikisho, shauri la Clarendon lilipomrudia mwaka 1955: kwamba Katiba haiamuru watu wachanganywe, inakataza tu ubaguzi. Basi bodi zikasema milango iko wazi, mzazi achague. Mzazi Mweusi aliyemkumbuka Briggs alijua gharama ya kuchagua.

Mwaka wa masomo 1963–64, katika majimbo 11 yaliyowahi kujitenga na Marekani, ni takriban asilimia 1.2 tu ya watoto Weusi waliosoma na wazungu.

Vitu viwili ndivyo vilivyogeuza hali. Cha kwanza ni fedha. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ruzuku ya shirikisho kwenda kwenye mpango wenye ubaguzi na ikamruhusu Mwanasheria Mkuu kufungua kesi mwenyewe. Mwaka uliofuata Bunge likatenga mabilioni kwa ajili ya shule. Bodi ikawa na kitu cha kupoteza. Cha pili ni kesi ya Green, ya tarehe 27 Mei 1968, kutoka kaunti ya New Kent, Virginia, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoipa Brown meno. Kaunti ilikuwa na shule mbili tu, na watu wa rangi zote waliishi wakiwa wamechanganyika. Mabasi 21, yaani 11 ya shule ya Weusi na 10 ya shule ya wazungu, yalipita njia zilezile. Mstari mmoja kwenye ramani ungemaliza kazi. Badala yake kaunti ilitumia uhuru wa kuchagua: kwa miaka 3 hakuna mzungu hata mmoja aliyechagua shule ya Weusi, na asilimia 85 ya watoto Weusi walikuwa bado palepale. Mahakama ikasema mzigo ni wa bodi, sio wa mzazi, na mpango uwe unaoelekea kufanya kazi sasa. Ikataja mahali pa kukagua: wanafunzi, walimu, watumishi wengine, usafiri, shughuli za nje ya darasa na majengo. Kufikia 1972–73 zaidi ya asilimia 90 ya watoto Weusi wa Kusini walikuwa kwenye shule zenye wazungu pia.

Kwenye hesabu hiyo kuna walioumia ambao kumbukumbu nyingi huwaruka. Shule za Weusi ndizo zilizofungwa, na maelfu ya walimu na wakuu wa shule Weusi wakaachishwa. Kesi zilidai nafasi za wanafunzi. Ajira za walimu hazikulindwa.

Halafu mlango ukarudishwa nusu. Katika kesi ya Milliken, tarehe 25 Julai 1974, mahakama kwa kura 5 dhidi ya 4 ilikataa mpango wa kuchanganya wanafunzi uliounganisha shule za Detroit na za wilaya 53 za pembezoni, ikisema mpaka wa wilaya hauvukwi bila ushahidi kwamba wilaya hizo zilichangia kosa. Marshall, aliyekuwa jaji tangu 1967, aliandika maoni ya kupinga. Ni huyuhuyu ambaye mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, aliwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mjini London, akaandika rasimu ya haki za msingi iliyowalinda wazungu na Wahindi watakaokuwa wachache baada ya uhuru.

Kwa anayeandaa kumbukumbu shuleni au kwenye chama, pendekezo langu ni kusoma hukumu tatu: Brown ya 1954, Brown ya pili na Green. Zote ni fupi. Ya kwanza inasomwa kwa sauti chini ya saa moja. Kila moja waulizwe wasikilizaji maswali yaleyale: nani ameamriwa, afanye nini, mpaka lini, na asipofanya kuna nini. Kwa Brown ya 1954 majibu yote manne ni tupu, isipokuwa Delaware, ambako jaji wa jimbo, Collins Seitz, alishawaingiza wadai shuleni mwaka 1952. Kwa Brown ya pili swali la “mpaka lini” ndilo litakalozua mjadala. Lipewe muda mrefu kuliko mengine. Anayeweza kusafiri atakuta shule ya Monroe imehifadhiwa chini ya idara ya hifadhi za taifa, na Moton ya Farmville ni makumbusho. Akipata nafasi ya moja tu, aende Farmville.