Megapikseli 12 hazijazeeka

Wengi huona kamera ya megapikseli 12 (pikseli, yaani nukta za picha, milioni 12) ni ya kutupwa. Wanakosea. Nikon D90 ya mwaka 2008 hutoa picha ya pikseli 4288 kwa 2848. Kuchapa A4 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji 3508 kwa 2480 tu. Na WhatsApp huipunguza hata hiyo.

Inakozidiwa ni gizani. Ukumbini usiku, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 uone chengachenga zinavyojaa kwenye suti nyeusi ya bwana harusi. Video nayo ni 720p, chini ya Full HD, na fokasi haijirekebishi ukirekodi. Kwa kazi hizo, badilisha bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Wa picha za mchana atafute lenzi ya 35mm f/1.8 (inayoingiza mwanga mwingi) kwanza.