Toharani: yasemwayo makaburini na ukweli wake

Kila Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, Wakatoliki wa Mwanza huenda makaburini kufyeka nyasi, kuweka maua na kuwaombea watu wao. Neno toharani, yaani hali ya kutakaswa baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni, hutajwa sana siku hiyo, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

Vijana wengi husikia toharani wakafikiria tohara ya wanaume. Siwalaumu; kampeni zake Kanda ya Ziwa zimewafikia hata wavuvi. Lakini maana ya msingi ya tohara ni usafi. Neno limetoka Kiarabu, na Mwislamu anayejitayarisha kwa swala analijua kwa maana hiyohiyo. Hata purgatorium, jina la toharani kwa Kilatini, limetokana na kitenzi cha kusafisha.

Wengine huamini ni chumba kilicho kati ya mbingu na jehanamu. Nadhani ile -ni ya mwisho ndiyo inayotupotosha, tukalisikia kama sokoni au kisimani. Ila mtu akiwa matatani, hatuulizi matata yako wilaya gani. Papa Yohane Paulo wa Pili alifafanua Agosti 4, 1999 kwamba toharani si mahali, ni hali. Mtaguso wa Trento nao, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, ulifundisha kuwa toharani ipo na kwamba sala za waamini huwasaidia waliomo. Haukusema iko wapi.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba toharani ni nafasi ya pili kwa aliyekataa kutubu. Watu huahirisha toba kwa kuitegemea! Kanisa linafundisha kwamba walioko huko wamekufa katika neema ya Mungu na wokovu wao ni wa hakika. Hakuna atokaye toharani kwenda motoni. Kilichobaki ni kutakaswa tu.

Je, aliyezama asipatikane haombewi? Huombewa. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, wapo waliozikwa Igoma, hapa Mwanza, na wapo ambao miili yao haikuonekana kamwe. Misa ya marehemu ni yao wote.

Na Misa hainunuliwi. Kanuni ya 947 ya Sheria ya Kanisa inakataza katika sadaka za Misa hata kile kinachofanana na biashara, na ya 945 inawahimiza mapadre kuisoma kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipopewa kitu. Mama asiye na sadaka aende tu parokiani akaandikishe jina la marehemu wake.