Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, msikilize mwanafunzi anavyokosea

Wanaotaka kusoma shahada ya umahiri katika isimu tumizi, taaluma inayochunguza jinsi lugha inavyojifunzwa, inavyofundishwa na inavyotumika, huniuliza waanze na kitabu gani. Huwajibu kwamba wamtafute kwanza mtu anayejifunza lugha, wakae naye na wamsikilize. Vitabu vitasomwa tu. Ila asiyewahi kumsikiliza mwanafunzi kwa makini huvisoma bila kujua vinajibu swali gani.

Taaluma yetu si kongwe. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianza kufundisha isimu tumizi kama fani inayojitegemea mwaka 1957. Mwaka huohuo, huko Marekani, mwanaisimu Robert Lado alichapisha kazi iliyoshikilia kwamba ukilinganisha lugha mama na lugha lengwa, yaani ile anayojifunza mtu, utaweza kubashiri mahali mwanafunzi atakapokwama. Kwa Mswahili anayejifunza Kiingereza, ubashiri huo una ukweli wake. Kiambishi chetu cha a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na ndiyo maana wengi wetu tunachanganya viwakilishi vya Kiingereza vya kike na vya kiume hata baada ya miaka ya shule.

Lakini makosa mengi hayaelezeki hivyo. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder aliandika makala fupi akisema kosa la mwanafunzi ni ushahidi: linaonyesha amefika wapi na anafuata kanuni ipi. Kwangu mimi, fani nzima inaanzia hapo.

Chukua mgeni anayejifunza Kiswahili anayesema «kiboko kikubwa kimelala». Mwalimu mwenye haraka atamkosoa na kuendelea na somo. Hebu tazama kwanza alichokijua: ameshika ngeli ya KI-VI, akalinganisha kivumishi, akalinganisha na kitenzi. Kilichobaki ni kujua kwamba viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA, hata jina likianza na ki-. Baada ya muda anajua, na sasa anasema «kiboko mkubwa amelala» bila kusita. Halafu linazuka jambo la kushangaza. Yuleyule aliyekuwa akisema «baba yangu» sawasawa tangu wiki ya kwanza anaanza kusema «baba wangu». Ukimpa mtihani siku hiyo utadhani amerudi nyuma, kumbe amepiga hatua. Mwanzoni alikuwa akikariri maneno mawili kama neno moja. Sasa anayaunda mwenyewe kwa kanuni ya viumbe hai, na bado hajajua kwamba majina ya undugu kama baba na mama yana utaratibu wake katika vimilikishi. Mwaka 1972 mwanaisimu Larry Selinker alitetea hoja kwamba lugha ya mwanafunzi ni mfumo kamili wenye kanuni zake, si lugha lengwa iliyoharibika. Ukimfuatilia mtu mmoja kwa miezi kadhaa, hoja hiyo utaiona kwa macho yako.

Tahadhari moja tu. Mtoto wa Nairobi au Lubumbashi anayesema «kitabu yangu» hajakosea kwa maana hii. Anazungumza Kiswahili cha kwao alichokikuta. Mtafiti anayemhesabu pamoja na mgeni anayejifunza ameharibu data yake kabla ya kuichambua.

Sasa tuje darasani kwetu Tanzania, maana swali kubwa la fani hii liko hapa. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari zinahamia Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi, wakakuta wengi hawana uwezo wa kusoma masomo yao kwa lugha hiyo, na bado wakapendekeza iendelee kutumika. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kwamba kufundisha lugha na kufundishia kwa lugha ni mambo mawili tofauti. Nakubaliana naye kabisa, na nasikitika kila ninaposikia mjadala huu ukiendeshwa kana kwamba kukitetea Kiswahili ni kukipinga Kiingereza.

Hata Kanada, ambako watoto wa familia za Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa tangu 1965 na wakaelewa vizuri, mtafiti Merrill Swain aliona kwamba usemaji wao ulibaki na mapengo ya sarufi. Alieleza kwamba kusikia peke yake hakutoshi, mwanafunzi lazima asukumwe kuitumia lugha. Mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza hana hata hilo la kwanza: haelewi anachosikia, na kazi yake kubwa ni kunakili ubaoni.

Kwa hiyo ninapopokea pendekezo la utafiti lenye kichwa kama «Changamoto za kufundisha Kiingereza sekondari», lenye hojaji ya kuwauliza walimu maoni yao, hulirudisha. Maoni ya walimu tunayajua. Nenda darasani na kinasa sauti. Rekodi vipindi vichache vya somo moja, sema fizikia, uandike neno kwa neno nani alisema nini, kwa lugha gani, na mwalimu alihamia Kiswahili wakati gani. Tenga muda wa kutosha wa kuandika uliyorekodi, kwa sababu saa moja ya darasa lenye kelele hula siku nzima na zaidi. Na kwa kuwa ni watoto, vibali na ridhaa ya wazazi vishughulikiwe mapema, kabla muhula haujaanza.